Mgeni Juu ya Chelezo

Salima alinipigia simu nikiwa darasani, nawafundisha watoto kugawanya. Hakulia. Alisema tu, "Mama ametutoka, njoo," akakata, kwa sababu alikuwa na wengine wengi wa kuwapigia. Mama yake alikuwa mke wa marehemu baba yangu. Tangu vita vilipowatoa Palma alikuwa akiishi hapa Pemba ya Msumbiji, si mbali na kwangu, na kila Ijumaa nilikwenda kumwamkia. Nilikaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi kwa ajili yangu, nikanywa soda iliyonunuliwa kwa ajili yangu, kisha nikaaga. Majirani walinisifu kwamba nina adabu. Ilikuwa mazoea tu, adabu haikuwamo. Nilifuta ubao niwahi msiba, na badala ya kuwaza ugonjwa wake au miaka yake ya mwisho, nilijikuta nawaza mwaka ule gesi ilipopatikana, na mto Ruvuma, na mimi nimeketi peke yangu juu ya chelezo huku watu wote wa nyumba yetu wako majini.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Kwa nini baba na mama yangu waliachana ni habari ndefu, na mimi mwenyewe siijui vizuri, kwa hiyo niiache. Inatosha kusema kwamba mama alikuwa ameolewa Lindi, na bibi aliyenilea Quiterajo alipofariki, baba alikuja kunichukua nikaishi naye Palma pamoja na mkewe, Mama Salima, na watoto wao wawili, Salima na Abuu. Palma niliyoikuta ilikuwa kama nyumba yenye harusi, hakuna aliyekuwa ametulia. Gesi ilikuwa imeonekana huko chini ya bahari. Hakuna aliyeiona kwa macho wala kuinusa, lakini kila mtu alishaanza kuitumia katika mazungumzo. Vijana walijifunza Kiingereza barazani. Helikopta zilipita juu ya minazi, na kuku walikimbilia chini ya vitanda mpaka wakazizoea. Mwenye chumba alikipangisha, na asiye na chumba alijenga kibanda akakiita pensão, nyumba ya wageni. Baba alikuwa dereva wa chefe mmoja, mkubwa wa wapima ardhi wa gesi kule Afungi, na vyumba viwili vya nyumba yetu alikuwa amewapa wapangaji kutoka Maputo. Tukabaki na kimoja na ukumbi. Katika ufinyu huo wote, mimi nilipewa kitanda. Salima, aliyekuwa akilala kwenye kitanda hicho kabla sijaja, alilala chini kwenye mkeka akinitazama kwa jicho la pembeni.

Nataka nieleweke hapa, maana watu wakisikia mama wa kambo wanangojea kusikia nilivyoteswa. Sikuteswa. Nilikirimiwa. Salima na mama yake walikula sinia moja, wakigombania ukoko na kuchekana, na mimi nililetewa sahani yangu imefunikwa kawa, kipande cha katikati cha samaki juu yake, mchuzi kwenye bakuli peke yake. Nikishika ufagio, Mama Salima aliuchukua mkononi mwangu taratibu. "Acha, mwanangu, pumzika." Nikiinama kwenye kinu, alimwita Salima. Maji ya kuoga niliyakuta yamekwisha pashwa moto. Quiterajo nilikuwa nachimba muhogo, natwanga, nateka maji, na bibi akinikaripia tangu alfajiri hadi Isha, kwamba mimi mvivu, mimi kichwa kigumu, nani ataniona akanioa. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mimi ni wake. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita, miezi ikapita, jembe silioni. Nilipumzika mpaka nikaumwa. Nilichokitaka mwaka ule ni kimoja tu, kuwa mtoto wa nyumba ile, na kila siku nilitazama mikono ya yule mama nione kama leo atanituma.

Wazo la safari lililetwa na baba. Chefe wake alikuwa amekwenda mapumziko na mkewe na watoto kutazama wanyama, na baba ndiye aliyewapeleka. Alirudi amebadilika, na darubini kuukuu aliyozawadiwa ikimning'inia shingoni hata wakati wa kula.

"Wanalala porini kwa hiari yao," alituambia. "Wanaita férias. Mtu anafanya kazi mwaka mzima, halafu anawachukua wanawe wakatazame tembo."

"Na tembo nao wanawatazama wao," Mama Salima akasema. "Mimi sijawahi kusikia mtu ana nyumba akaenda kulala porini. Tumefukuzwa?"

"Hatujafukuzwa. Tunastarehe."

"Haya, bwana. Starehe ya kuumwa na mbu."

Nilicheka siku ile. Miaka baadaye alilala porini kweli, usiku baada ya usiku, akitembea na watu wa Palma waliokuwa wakikimbia risasi, akila mihogo mibichi, na hakuna aliyeiita ile férias. Alinisimulia mara moja tu, akiwa ameziba mdomo kwa pindo la kanga yake, na hata wakati huo alikatiza hadithi ili aniulize kama soda imepoa vya kutosha.

Tulikwenda wakati wa kipupwe, mto ulipokuwa umepungua. Mfanyabiashara mmoja wa ufuta, Mtanzania rafiki wa baba, alitupakia kwenye lori lake lililokuwa likienda Pundanhar kuchukua mizigo. Njia ile ilikuwa mashimo matupu. Abuu alitapika, Salima akatapika kwa kumwona Abuu, na mama yao akawagombeza wote wawili kwa pumzi moja kwa sababu walikuwa wamekula mikate ya kumimina kupita kiasi kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, kando ya dereva, kwenye kiti chenye sponji. Niliwasikia huko nyuma wakizozana, kisha wakaimba, kisha wakazozana tena. Dereva aliniuliza kama mimi ni mwalimu wao.

Chelezo tulikikuta ukingoni mwa mto, kwa Mmakonde mmoja aliyeitwa Agostinho, ambaye kazi yake ilikuwa kuteremsha mianzi na mahindi hadi kwenye kivuko cha Namoto. Alikuwa amefunga miti juu ya mapipa matupu ya buluu, na katikati akaweka jamvi na kivuli cha makuti. Alikuwa mtu wa maneno. Baba alipomweleza kwamba tumekuja kutazama tembo, alituangalia mmoja mmoja, kisha akaweka chini pondo lake ili acheke vizuri.

"Kuwatazama?" alisema. "Sisi tunapiga madebe usiku kucha wasimalize machamba yetu ya mahindi, nyie mnalipa nauli kuja kuwatazama? Basi chukueni wawili mwende nao Palma. Wakafanye kazi kwenye gesi."

"Watakosa diploma," baba akamjibu.

"Ah, kama ni diploma hata mimi nimekosa."

Tukaondoka tukiteremka na maji. Mto Ruvuma wakati wa kipupwe si mto wa kutisha. Ni mpana sana, umejaa mafungu ya mchanga, na maji yanajigawa mikono mingi kama hayajui yapite wapi. Agostinho alisimama nyuma akisukuma kwa pondo, na sehemu nyingine tuliacha tu tukachukuliwa. Palipokuwa na mawe maji yalikimbia, chelezo kikaruka na kugeuka ubavu, Abuu akapiga kelele za furaha na Mama Salima akasoma kila dua aliyoijua. Ndege keremkeremu waliruka wakitoka kwenye matundu yao ukingoni, wekundu hata ukadhani mtu amerusha pilipili hewani. Mamba walilala mchangani midomo wazi. Baba alitutajia kila kitu kama vile ni chake. Darubini ilipotolewa shingoni, watoto waliinyooshea mikono, lakini Mama Salima akasema, "Mpeni kwanza dada yenu." Abuu, aliyekuwa na miaka saba na hajui kuficha neno, akasema, "Kila kitu kwanza mgeni." Alifinywa sikio. Nikapewa darubini, na kwa muda sikuona chochote ndani yake kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

Tembo tulikutana nao siku iliyofuata, upande wa Tanzania, kundi la majike na watoto wamekuja kunywa. Agostinho alichomeka pondo mchangani tukasimama. Mtoto mmoja alikuwa hataki kutoka majini. Alijilaza ubavuni, akapuliza maji, akajifanya hasikii. Mama yake alirudi, akampiga kofi la mkonga matakoni, kisha akamsukuma kwa kichwa hadi juu ya ukingo, yule mtoto akipanda na kuteleza na kupanda. Salima alicheka hata akajiziba mdomo. "Anachapwa kama mimi," alinong'ona, na mama yake akamjibu kwa kumgonga kisogoni, nao wote wawili wakatetemeka kwa kicheko kisicho na sauti. Nilikuwa nimekaa mbele yao, juu ya mto wa sufi uliobebwa kutoka nyumbani kwa ajili yangu. Niliona wivu. Mpaka leo nikisimulia kwamba niliwahi kumwonea wivu mtoto wa tembo, watu hudhani nafanya mzaha.

Baada ya hapo ndipo tulipokwama. Tulikuwa tumepita kona, na mbele yetu, kwenye maji ya kina karibu na matete, kulikuwa na viboko. Tuliona masikio na pua tu. Agostinho alitaka kupita mbali nao, akaelekeza chelezo kwenye maji madogo, na pale pale mapipa yakakaa juu ya mchanga. Alisukuma kwa pondo, hatukwenda. Kiboko mmoja akapiga chafya, akazama, akaibuka karibu zaidi. Agostinho hakuwa anachekesha tena. Alisema, "Shukeni. Wote. Sukumeni kuelekea kule, msikimbie, msipige kelele."

Baba aliruka. Abuu akafuata. Mama Salima, aliyekuwa haogi hata baharini, akakunja kanga yake, akasema bismillahi, akaingia maji ya mapajani na kumvuta Salima mkono. "Shika hapa! Si hapo, hapa! Una mikono ya nini?" Nikainuka na mimi. Baba akaniambia, "Mwajuma, wewe kaa, usije ukalowa." Mkewe akasema, "Kaa, mwanangu, kaa." Nikakaa. Wakasukuma. Niliwaona vichwa vyao chini yangu, migongo imelowa, Abuu ameng'ata ulimi kwa juhudi, mama akimkaripia Salima, Salima akimjibu, baba akihesabu ili wasukume pamoja, na mimi juu, mkavu, nimekaa kwenye mto wa sufi kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume asiyemjua. Hata yule kiboko alikuwa anatuangalia sote, lakini mimi niliona ananiangalia mimi. Sijawahi kuwa mpweke vile, si kabla, si baada, na nimepitia mengi ya upweke. Nikaruka.

Maji yalikuwa baridi. Nilishika gogo kati ya Abuu na mama yake, nikaanza kusukuma, na Mama Salima akapiga kelele ambayo Agostinho alikuwa ametukataza. "Rudi juu! Rudi! Ukipatwa na kitu nitawaambia nini wenyewe?"

Chelezo kikatoka. Tuliparamia wote, tukapita, viboko wakabaki nyuma, baba akamshukuru Mungu na watoto wakaanza kubishana nani alisukuma zaidi. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu. Wenyewe. Nilikuwa na wenyewe, na hawakuwa hawa. Bibi alikuwa kaburini Quiterajo, mama alikuwa Lindi na watoto wengine. Nilijiuliza hao wenyewe ni akina nani, na kwa nini wanachelewa kuja kunichukua.

Tulipiga kambi mchana ule kwenye fungu la mchanga lenye mkuyu. Mama Salima alipika wali na samaki wa mto ambaye Agostinho alimvua, na mimi nikapewa kanga kavu ya Salima na kuambiwa nijinyooshe kivulini. Nilifumba macho bila kulala. Baba na mkewe walikaa upande wa pili wa shina, mke akichambua mchele wa jioni.

"Umeona mwanao alivyoruka?" Mama Salima alisema. "Aliruka kama anayetaka nimpige."

"Mpige basi," baba akasema akicheka.

"Unacheka wewe. Nikimpiga, wewe utabaki baba, mimi nitaitwa mama wa kambo. Unawajua wanawake wa kisimani? Siku ile alipojibebea ndoo yake mwenyewe, nilipita dukani nikawasikia, 'Ameshaanza kumtumikisha, hata kaburi la bibi yake halijakauka.' Ndoo moja tu!"

"Maneno hayo."

"Maneno hayohayo yanafika Lindi kwa mama yake kabla mimi sijamaliza kuanika nguo." Akapeta mchele, nikasikia ungo. "Salima nikimgombeza analia, ananuna, jioni anakuja kuniegemea mapajani. Huyu akikasirika sijui anarudi kwa nani. Ndio maana namwogopa. Namtunza mpaka wenyewe watakapomhitaji. Amana haichezewi."

Wanasema anayesikiliza nyuma ya mlango hujisikia akisengenywa. Mimi nilisikia nikihurumiwa, na iliniuma kuliko masengenyo. Nilielewa kila kitu. Sikuwa mtoto mdogo. Nilielewa kwamba ule mto wa sufi na kipande cha katikati na kitanda cha Salima vyote vilikuwa hofu ya wanawake wa kisimani, na kwamba ndani ya hofu hiyo kulikuwa na huruma, labda na mapenzi. Lakini umri ule mtu hataki kuelewa, anataka kushikwa. Nilimkasirikia kwa kuwaogopa watu kuliko alivyonitaka mimi. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye mchana ule, nimelea mtoto wa nje wa mume wangu, na ninajua jinsi ulimi unavyogoma unapotaka kumkaripia mtoto ambaye ana mama yake mahali. Hasira imepungua. Haijaisha.

Jioni nilijaribu. Sufuria lilikuwa limebaki na ukoko, nikalishika. "Mama, nipe nikaoshe."

"Mtoni kuna mamba, mwanangu."

"Salima ameosha jana."

"Salima ana wazimu," alisema, na watu wote wakacheka, hata Salima, hata mimi. Alilichukua sufuria mikononi mwangu. Alisimama nalo kidogo, akanitazama usoni kama mtu anayetaka kusema jambo, na nikangoja. "Umeshiba kweli?" akaniuliza. Nikamwambia nimeshiba.

Tulifika Namoto tumeungua jua, tukarudi Palma, na baba alisimulia férias yake barazani mpaka tembo wakawa mia na kiboko akawa amemshika mguu. Maisha yakaendelea vilevile, na sahani yangu ikaendelea kuja imefunikwa. Kabla mwaka haujaisha niliomba mwenyewe kwenda Pemba, kwa shangazi, nisomee ualimu. Hakuna aliyenizuia. Mama Salima alinifungia visheti, akanipaka mafuta ya nazi kichwani, akalia sana wakati wa kuagana, na aliniambia maneno ambayo mwenyeji mwema humwambia mgeni, kwamba nisamehe palipopungua. Nililia na mimi. Kila mmoja wetu alilia upande wake.

Kwa hiyo nilipofika msibani juzi nilijua mahali pangu. Wanaume walikuwa nje pamoja na Abuu, ambaye sasa ana ndevu. Ndani, wanawake walikuwa wamejaa, na mara tu nilipoonekana uani mtu mmoja akavuta kiti. Nikakaa. Niliwatazama wengine wakimenya vitunguu na kuchambua mchele, na hakuna aliyenipa kisu. Kisha mwoshaji, mwanamke mmoja wa makamo asiyetufahamu, akatoka chumbani na kusema, "Maji tayari. Wageni tupisheni, waingie wanawe."

Nikainuka na wageni. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, viatu mkononi, nilipomsikia Salima.

"Wewe unakwenda wapi?"

Nilifikiri anasema na mtu mwingine. Alikuwa amekunja mikono ya nguo, uso umevimba. Hakunisubiri nijibu. Alinitia mtungi mikononi, akanivuta ndani, pazia likashushwa. Mama Salima alikuwa amelala kitandani chini ya shuka, mdogo kuliko nilivyomzoea. Harufu ya kafuri ilijaa chumbani. Mwoshaji alipitisha mkono chini ya shuka akasema, "Mimina," nikamimina. Maji yalikwenda mengi, yakamwagikia sakafuni na miguuni mwa watu.

"Taratibu wewe, unamwaga!" Salima alinikaripia, mbele ya wanawake wote, kwa sauti ileile ya mama yake. "Una mikono ya nini?"

Ndipo nilipolia.